Mtindi urudi jikoni

Lita moja ya maziwa ikigandishwa hutoa lita moja ya mtindi. Hakuna kinachopungua njiani, na kinachoongezwa ni vijiko vitatu tu vya mtindi uliotangulia. Kwa hiyo anayenunua mtindi wa dukani kwa bei iliyo mara mbili ya bei ya maziwa analipia mambo mengine: kikopo, gari lenye jokofu, umeme wa friji ya muuzaji, sukari, rangi, ladha ya stroberi na tangazo la redioni. Gharama hizo ni halali na mwenye kiwanda hamwibii mtu. Ninachosema ni kwamba kaya yenye sufuria, mfuniko na moto haina sababu ya kuzibeba. Mtindi ni chakula cha nyumbani ambacho tumekihamishia dukani. Tulipokihamisha tukakifanya cha wenye nacho, na wasio nacho tukawaachia mtindi wa maziwa mabichi unaochotwa kwenye ndoo, ambao hakuna anayejua maziwa yake yametoka wapi na yamekaa muda gani. Ningependa kuona mtindi umerudi jikoni, na urudi kwa njia iliyo salama kuliko ile ya zamani.

Tuanze na hesabu, na kila msomaji abadilishe tarakimu zangu kwa bei za mtaani kwake. Tuseme lita ya maziwa ni shilingi 2,000, na kikopo cha nusu lita cha mtindi wa dukani ni shilingi 2,500. Lita nzima ya dukani ni shilingi 5,000. Nyumbani kuna maziwa ya shilingi 2,000, na kwa mara ya kwanza vijiko vitatu vya mtindi wa kuanzia ambavyo thamani yake haifiki shilingi 300. Moto nao watu huuhofia kuliko unavyostahili. Kupasha lita moja ya maziwa kutoka joto la chumba hadi yapande hakuhitaji zaidi ya gramu 15 hivi za gesi, hata ukihesabu joto linalopotea pembeni mwa sufuria. Mtungi wa kilo 6 ungeweza kuchemsha lita 400 kama ungetumika kwa kazi hiyo peke yake, na ukijazwa kwa shilingi 24,000, kila lita imekula shilingi 60. Anayepikia mkaa anaweza kuteleka maziwa juu ya makaa yanayobaki maharage yakishaiva, na hapo moto haumgharimu chochote. Kuanzia mara ya pili mtindi wa kuanzia unachotwa kwenye ule uliotangulia, kwa hiyo lita inabaki kwenye shilingi 2,100 hivi. Familia inayokula lita mbili kwa wiki inabakiwa na zaidi ya shilingi laki tatu kwa mwaka, fedha inayotosha kununua sare na madaftari ya mtoto na bado chenji ikabaki.

Na hiyo ni bei ya mjini. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili Rungwe, Hai au Lushoto, hesabu ni nzuri zaidi, maana vituo vingi vya kukusanyia maziwa hupokea ya asubuhi, na ya jioni humbakia mwenyewe. Maziwa hayo ya jioni ndiyo yanayoharibika, ndiyo yanayouzwa kwa bei ya kutupa, na ndiyo yangefaa kuwa mtindi wa kesho. Mahali ambapo maziwa freshi hayafiki, unga wa maziwa hufanya kazi ileile: gramu 130 hivi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, na mtindi unashika vizuri.

Kazi yenyewe ina hatua chache, lakini kila hatua ina sababu yake, na asiyejua sababu ndiye anayeharibu maziwa kisha akasema kugandisha nyumbani ni bahati nasibu. Maziwa huchemshwa hadi yapande, moto ukapunguzwa, yakaachwa yatokote taratibu kwa dakika kama tano huku yakikorogwa yasishike chini. Kwamba kuchemsha kunaua vijidudu kila mtu anajua. Wengi hawajui kwamba joto la kuanzia nyuzi 80 hivi hubadili pia protini zilizomo kwenye maji ya maziwa, zikajishikiza kwenye kasini, ile protini inayoganda. Ndiyo maana mtindi wa maziwa yaliyochemka vizuri huwa mzito na hauachi maji mengi. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji yamekwishapitia joto kali kiwandani, kwa hiyo hayana haja ya kuchemshwa tena. Yapashwe tu hadi yafikie joto la kugandishia, na hapo hata ile gesi kidogo inapungua.

Kisha yapoe. Sufuria iliyofunikwa huwekwa ndani ya beseni la maji baridi hadi maziwa yafike nyuzi 43 hadi 45. Asiye na kipimajoto achote kikombe kimoja na kutumbukiza kidole kilichooshwa kwa sabuni: akiweza kukiacha humo hadi ahesabu kumi, huku akisikia moto bila kuungua, joto limefika. Maziwa ya kikombe hicho yanywewe, yasirudishwe sufuriani. Yakiwa ya moto zaidi ya hapo, bakteria wa kuanzia wanaweza kufa. Yakiwa yamepoa mno, watafanya kazi polepole na kuwaachia wavamizi nafasi. Vijiko vitatu vya chakula vya mtindi wa kuanzia hulainishwa kwanza kwa maziwa kidogo ndani ya bakuli, ndipo vichanganywe na maziwa yote. Mchanganyiko humiminwa ndani ya hotipoti iliyosuuzwa kwa maji yaliyochemka, ikafunikwa, ikazungushiwa blanketi au khanga mbili, na kuwekwa mahali ambapo hakuna atakayeigusa. Hotipoti ijae, kwa kuwa maziwa machache ndani ya chombo kikubwa hupoa haraka. Baada ya saa tano au sita, chombo kikiinamishwa kidogo, maziwa hayakimbii tena kama maji. Yanajitenga na ukingo yote kwa pamoja, yakiwa bonge moja laini, na mahali yalipoachana panatokeza maji membamba ya njano-kijani. Mtindi umekuwa tayari, na kuuchelewesha kunauongezea uchachu tu. Aliyefunua kila nusu saa na kukoroga aone umefikia wapi ndiye anayepata uji.

Wanaofanya kazi hiyo yote ndani ya hotipoti ni bakteria wa aina mbili, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Wa kwanza aligunduliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa akifanya utafiti Geneva, akichunguza mtindi wa kwao. Wanakula laktosi, ile sukari ya asili ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. Kipimo cha pH kikishuka kutoka 6.6 hadi karibu 4.6, kasini inaganda. Mtindi wetu wa asili, ambao Wakenya huuita maziwa lala, una bakteria wa jamii nyingine wanaopenda joto la chumba, nao hawahitaji hata hotipoti. Dar es Salaam au Mombasa, maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa yakitiwa mtindi wa aina hiyo jioni, asubuhi yameganda. Kwa hiyo mwenye mazingira ya joto ana urahisi ambao mtu wa Ulaya hana.

Hapa ndipo ilipo dhana ninayoiona potofu kuliko zote, kwamba mtindi ni chakula cha mwenye friji. Jamii za Afrika Mashariki zilizoishi na ng'ombe ziligandisha maziwa kwa sababu hazikuwa na mahali baridi pa kuyaweka. Wakalenjin wana mursik yao, inayokaa ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu; Wanyarwanda wana ikivuguto; Wamaasai nao wana maziwa yao ya kibuyuni. Kuchachusha kulikuwa ndiko kuhifadhi. Maziwa yaliyochemshwa asubuhi na kuachwa mezani ni ya kutumika siku hiyohiyo, lakini yakigeuzwa mtindi yanavuka hadi kesho na pengine keshokutwa, yakizidi ukali tu, kwa kuwa asidi inawazuia bakteria wengi wa uozo. Umeme ukikatika, mwenye mtindi ana nafuu kuliko mwenye maziwa. Tumefikaje mahali ambapo njia ya kuhifadhi iliyobuniwa na watu wasio na friji inauzwa ndani ya friji, kwa bei ya friji?

Kuna faida nyingine ambayo bei haionyeshi. Watu wazima wengi duniani, wakiwemo wengi katika jamii zetu za wakulima, tumbo lao halimeng'enyi laktosi vizuri. Wakinywa maziwa matupu wanajaa gesi au wanaharisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, na ulionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa katika eneo letu unatokana na mabadiliko ya kijeni ambayo ni tofauti na yale ya Wazungu, na kwamba umeenea zaidi kwa wafugaji. Asiye na uwezo huo hana ugonjwa wowote, na mara nyingi hana haja ya kuacha maziwa: bakteria wa mtindi wanakula sehemu ya laktosi kabla hajaila, na walio hai wanaendelea kumsaidia tumboni. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ambayo hukataa madai mengi ya kiafya ya wenye viwanda, ilikubali dai hili, kwa sharti kwamba bakteria wawe hai na wawe wengi, angalau milioni 100 katika kila gramu. Sharti hilo linawafaa watu wa nyumbani, kwa sababu mtindi uliogandishwa jana haujapitishwa tena kwenye joto na bakteria wake wangali hai. Na lita moja ina zaidi ya gramu 30 za protini na kalisi zaidi ya miligramu 1,000. Katika Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, chakula cha aina hiyo si jambo la anasa. Sisemi mtindi utamaliza udumavu. Udumavu una mizizi mingi, kuanzia lishe ya mama mjamzito hadi maji machafu. Nasema protini hiyo ikiwa nusu ya bei, mtoto ataipata mara mbili.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la usalama, na anayelitoa hakosei kuogopa. Maziwa mabichi hubeba brusela, ule ugonjwa unaosababisha ng'ombe kutupa mimba, na ambao kwa binadamu huleta homa inayokwenda na kurudi na maumivu ya viungo, mara nyingi ukatibiwa kama malaria au taifodi kwa miezi. Hubeba kifua kikuu cha ng'ombe, salmonela na aina kali za E. coli. Baadhi ya watu huamini kwamba uchachu wenyewe huua vyote hivyo. Imani hiyo ni ya hatari. Asidi huwadhoofisha baadhi, lakini brusela na E. coli wanaweza kuvumilia uchachu kwa muda wa kutosha kumfikia mlaji. Kwa hiyo mtindi ninaoutetea ni wa maziwa yaliyochemshwa, bila msamaha, hata kama ng'ombe ni wa nyumbani na anajulikana kwa jina. Ukitazama vizuri, pingamizi hili linaupiga zaidi mtindi wa ndoo barabarani kuliko wa hotipoti. Anayegandisha mwenyewe ndiye pekee anayejua kwa hakika kwamba maziwa yalipanda.

Hata hivyo kuchemsha hakufuti kila dhambi ya maziwa, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo. Maziwa yaliyokaa juani nusu siku ndani ya dumu yanaweza kuwa na sumu iliyoachwa na bakteria wa aina ya stafilokoka, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Kwa hiyo maziwa yachemshwe mara yanapofika, hata kama yatagandishwa usiku. Aflatoksini, inayotoka kwenye mashudu na mahindi yenye ukungu anayolishwa ng'ombe, nayo hupita kwenye maziwa na kuvumilia kuchemshwa. Hiyo ni kazi ya wasimamizi wa vyakula vya mifugo, na inamhusu mnunuzi wa kikopo sawasawa na mwenye hotipoti. Baada ya kuchemsha, hatari kubwa ni mikono na vyombo: kijiko kilichoachwa mezani, mfuniko uliofutwa kwa kitambaa cha sahani, kibuyu kisichoweza kusuguliwa ndani. Chombo cha chuma au kioo kilichosuuzwa kwa maji yaliyochemka ni bora kuliko cha plastiki chenye mikwaruzo. Mtindi wenye ukungu, madoa ya waridi, mapovu ya gesi au harufu ya kuoza umwagwe wote, wala asitokee wa kuondoa juu na kula chini.

Sasa kuna jambo ambalo mtindi wa nyumbani hulifichua na watu hawalijui thamani yake. Maziwa yakichemshwa sawasawa, yakapoa hadi joto sahihi, yakatiwa mtindi hai, na bado asubuhi yakawa maziwa tu, kuna uwezekano kwamba yana mabaki ya antibayotiki. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele anapaswa kukamuliwa na maziwa yake kumwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye dawa. Mfugaji asiyesubiri huuza maziwa yanayowaua bakteria wa mtindi. Bila shaka kabla ya kumlaumu mtu ni lazima kuondoa sababu nyingine: mtindi wa kuanzia uliokufa au maziwa yaliyopoa mno. Lakini mtindi uleule wa kuanzia ukiganda kwenye maziwa ya muuzaji mmoja na kukataa kwenye ya mwingine, jawabu liko wazi, na mwenye kununua ana haki ya kumwuliza muuzaji. Maziwa yaliyoongezwa maji nayo hujitangaza, kwa mtindi mwepesi uliojaa maji pembeni. Mtaa ambao nyumba nyingi zinagandisha una ukaguzi ambao hakuna bwana afya anayeweza kuufanya kila asubuhi, na wauza maziwa watajua hivyo upesi.

Wapo wanaosema hawana muda. Muda wa saa sita ni wa bakteria. Wa mtu ni kama nusu saa, na sehemu kubwa yake ni kusubiri maziwa yapoe wakati chakula cha usiku kinaliwa. Wengine wanalalamika kwamba wa nyumbani hauwi mzito kama wa dukani. Mara nyingi uzito wa dukani umetoka kwenye wanga au jelatini iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kikopo. Anayetaka mzito amimine wake kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, autundike saa mbili juu ya bakuli, na atapata ule ambao maduka makubwa huuza kama mtindi wa Kigiriki kwa bei inayoshangaza. Maji yanayodondoka yana madini na protini; yanafaa kukandia unga wa chapati au kuongezwa kwenye uji. Wapishi wa biriani wa Mombasa na Unguja hawahitaji kuambiwa lolote hapa, kwa sababu nyama yao hulainishwa na mtindi tangu zamani, na mtindi mzito wa sukari na ladha hauwafai kabisa.

Sukari yenyewe inastahili neno. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kikopo chenye gramu 8 za sukari ya kuongezwa katika kila gramu 100, jambo la kawaida kwa mitindi ya ladha, kinavuka kiwango hicho kabla ya kufika nusu lita. Wazazi huvinunua wakiamini wamempa mtoto kitu cha afya kuliko soda. Nyumbani sukari ina kijiko, kijiko kina mkono unaokishika, na embe au ndizi mbivu iliyopondwa humridhisha mtoto bila kikopo chochote. Mtindi wa kuanzia wa safari ijayo utolewe kabla sukari haijatiwa.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wanaotetea viwanda. Wanasema Tanzania imejitahidi kujenga usindikaji wa maziwa, kwamba Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa ili kuukuza, na kwamba kuwahimiza watu kugandisha nyumbani ni kuvunja nguvu viwanda vinavyoajiri vijana. Nakubali umuhimu wa viwanda, na wa Tanga na Iringa wamefanya mengi kuwapa wafugaji soko la uhakika. Lakini maziwa yanayopita viwandani nchini ni sehemu ndogo tu ya yanayokamuliwa, na kinachodumaza tasnia ni kwamba watu wanakunywa maziwa kidogo. Anayeona mtindi una bei ya maziwa atanunua maziwa zaidi, na maziwa hayo yanakamuliwa na mfugaji yuleyule, yakiwemo ya paketi yanayouzwa na viwanda vyenyewe. Kikopo cha njiani, cha shuleni na cha ofisini kitabaki na wateja wake. Mkate wa kiwandani haukufutika kwa sababu watu wanapika chapati.

Tena tuna ushahidi wa karibu kwamba ujuzi huu ukishuka kwa wananchi huzaa ajira. Mwanza, kuanzia mwaka 2004, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria teule kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakiuza na kuwapa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nchini Uganda, taasisi ya Kiholanzi ya Yoba for Life, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilileta bakteria waliokaushwa ndani ya pakiti ndogo: gramu moja inaweza kuzalisha hadi lita 100 za mtindi, kwa vyombo ambavyo mama lishe yeyote anavyo, na wazalishaji wengi wadogo wamejitokeza kwa njia hiyo. Walichokosa watu hawa kabla ya hapo kilikuwa ni chanzo safi cha bakteria, kwa kuwa sufuria, moto na maziwa walikuwa navyo.

Na hapo ndipo serikali na wenye viwanda wanapaswa kusukumwa. Mtindi wa kuanzia unaochotwa kizazi hadi kizazi huchoka: baada ya kurudiwa mara kadhaa, aina moja ya bakteria huishinda nyingine, ladha hubadilika, wavamizi huingia, na mtu analazimika kuanza upya. Akienda dukani anakuta kikopo kisichosema kama bakteria waliomo wangali hai au waliuawa kwa joto baada ya kuganda ili kikae rafuni miezi. Shirika la Viwango lingeweza kudai lebo itamke jambo hilo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye wataalamu wa sayansi ya chakula, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lenye ofisi mikoani, wangeweza kuhakikisha pakiti ya bakteria wakavu inapatikana kwenye duka la pembejeo kama inavyopatikana mbegu ya mchicha. Wiki ya Maziwa huadhimishwa kila mwaka kuelekea tarehe 1 Juni, na wananchi hufika kwenye mabanda kuonja. Banda mojawapo liwe na jiko, sufuria, beseni na hotipoti. Asubuhi maziwa yachemshwe mbele ya watu, alasiri hotipoti ifunuliwe mbele yao, na kila anayetaka aondoke na vijiko vitatu vya mtindi hai ndani ya chupa safi, pamoja na karatasi moja ya maelekezo.